Biharusi, Ua Lako Limo Jikoni Kwenu



Idi ya Mfunguo Mosi ikishapita, chumba chetu cha kupambia maharusi hakikosi mtu. Upande mmoja cherehani, upande wa pili mkeka na mito ya hina. Biharusi anaingia na mama yake au somo yake, anakaa, anapumua kidogo, kisha anatoa simu. "Nataka hivi hivi, msibadilishe kitu." Kwenye simu pana picha ya mkono. Mkono si wake, wala si wa mtu anayemjua. Pengine mwenye mkono huo yuko Bara Hindi, pengine yuko Dubai, na siku ya pili atakuja biharusi mwingine na picha hiyo hiyo.

Kwa miaka kadhaa tulikuwa tunasema "haya" na kuanza kazi. Mteja ni mteja. Siku hizi hatusemi "haya" upesi, na wapo waliokasirika wakaenda kwengine. Ndiyo maana tumeona tuandike, ili biharusi anayesoma hapa ajue kwa nini tunamuuliza maswali kabla ya kushika koni ya hina.

Tuanze na kosa letu wenyewe. Alikuja msichana na picha nzuri kweli, mkono mrefu, vidole virefu, maua yamejaa mpaka kwenye kiko. Mkono wa msichana wetu ulikuwa mfupi na mnene, mkono mzuri wa mtu anayefanya kazi. Mwenzetu mchoraji akakazana kulitia ua lote mahali pasipotosha. Kilichokuwa jani kwenye picha kikawa doa, kilichokuwa nafasi kikaziba. Na baya zaidi lilikuwa halijaonekana. Usiku wa hina, bibi yake akaushika mkono, akauleta karibu na taa, akauliza, "Huyu si ndege huyu?" Tukatazama. Katikati ya maua alikuwemo tausi, amejikunja, macho na mdomo na mkia. Tulimchora kwa mikono yetu wenyewe na hatukumwona, kwa sababu tulikuwa tunanakili, hatutazami. Na nyumba ile watu wake wanajiepusha kabisa na picha za viumbe wenye roho.

Nguo ukikosea unafumua. Hina hufumui. Msichana alikwenda kwa mumewe na tausi wake, na bibi yake hakusema neno jengine usiku ule. Sisi hatukulala vizuri.

Tokea hapo tuliweka utaratibu. Wiki moja kabla ya harusi mchoraji wetu anakwenda nyumbani kwa biharusi. Hachukui koni wala unga wa hina. Anachukua daftari la skuli na penseli. Akifika anaomba aoneshwe vitu vitatu: kitu cha bibi, kitu cha mama, na kitu anachokishika biharusi mwenyewe kila siku. Si lazima kiwe cha thamani. Kwa kweli vya thamani mara nyingi havitusaidii, maana vimekaa kabatini na hakuna anayevijua.

Mara ya kwanza watu hucheka. Kisha huanza kutoa. Tumeoneshwa mrashi na chetezo. Tumeoneshwa kasha la njumu, misumari yake ya shaba imepangwa safu safu kama nyota. Tumeoneshwa kawa la kufunikia chakula, na ukiligeuza ukatazama kwa ndani unaona ukili umezunguka kutoka kwenye ncha mpaka kwenye ukingo bila kukatika. Kwenye nyumba ya wavuvi tulioneshwa dema, na matundu yake ya pembe sita yalikaa juu ya mgongo wa mkono kana kwamba yalifumwa kwa ajili yake. Tumeoneshwa kofia ya kiua iliyoshonwa kwa mkono, kila kitundu kimezungushiwa uzi. Sisi tunaoshona tunajua macho ya mtu yanavyochoka kwa kazi ile, basi tuliishika kwa adabu.

Lakini siku tuliyojifunza zaidi ni siku ya mbuzi.

Nyumba ilikuwa ya mama mjane anayeuza vitumbua. Alitandika mkeka mpya, akatoa seti ya vikombe vyenye maua ya dhahabu, bado vina karatasi ya dukani. Mchoraji akavitazama, akashukuru, kisha macho yake yakaenda mlangoni mwa jiko. Pale palikuwa na kibao cha mbuzi, mbao imepauka na imelika katikati kwa kukaliwa, ulimi wa chuma umetokeza mbele na meno yake. Akaomba akione. Mama akasema, "Hicho msikitazame, mwanangu, kibovu. Kitu cha masikini hicho." Binti yake akanyanyuka, akakileta mwenyewe, akakiweka katikati ya mkeka.

Mchoraji akauchora ule ulimi. Nusu duara, meno pembeni. Jino moja lilikuwa limekatika, akaliacha pengo lake. Mama akauliza kwa sauti ya kuudhika, "Sasa mtamtia mwanangu mbuzi mkononi siku ya harusi yake? Watu watasemaje?" Tukamjibu kwamba hakuna atakayejua ni mbuzi ila yeye na binti yake.

Na ndivyo ilivyokuwa. Kwenye kifundo cha mkono ilizunguka safu ya vinusu duara vyenye meno, na juu yake nukta nukta ndogo zikimwagika kuelekea kiganjani, kama nazi inavyoanguka kwenye sinia. Wageni waliona ua zuri, wakauliza limetoka wapi. Mama alikuja baada ya hina kukauka. Alimshika binti yake kwa chini ya mkono asije akaharibu, akafuata duara kwa kidole bila kuigusa ngozi, mpaka akafika kwenye pengo. "Na jino bovu mmelitia!" Akacheka. Kisha akasema anakwenda kutazama chai, na akakaa jikoni muda mrefu kuliko chai inavyohitaji.

Kibao kile ndicho kilichomsomesha yule binti. Nazi ngapi zimekunwa pale alfajiri kabla ya yeye kuvaa sare ya skuli? Na siku ya furaha kilikuwa kinafichwa nyuma ya mlango, wakati vikombe vya dukani visivyowahi kumnywesha mtu ndivyo vilivyowekwa mbele. Hapa ndipo maoni yetu yalipo, dada zetu. Tunapokimbilia ua la simu si kwa sababu ni zuri tu. Mara nyengine tunaona haya ya vyetu.

Msitufikirie kwamba tumezua jambo jipya. Mchoraji Lubaina Himid alizaliwa hapa Zanzibar mwaka 1954, akachukuliwa kwenda Uingereza angali mchanga. Mama yake alikuwa mbunifu wa vitambaa, na yeye mwenyewe ameshafanya kazi nyingi zenye mpangilio wa kanga. Mwaka 2007, Uingereza ilipokuwa inatimiza miaka 200 tangu kupitisha sheria ya kukataza biashara ya watumwa, alichukua vyombo vya mezani 100, sahani na majagi na mabakuli ya zamani, akachora juu yake. Alichora nyuso za watumishi weusi pamoja na za matajiri, kwa ajili ya maonesho katika mji wa Lancaster, mji wa bandari uliofaidika na biashara ile. Angeweza kutumia turubai kubwa. Alitumia sahani, na sukari iliyolimwa na watumwa ilipita kwenye vyombo kama hivyo. Mwaka 2017 alipata Tuzo ya Turner, akiwa na miaka 63, mwanamke mweusi wa kwanza kuipata.

Yeye anachora nyuso, sisi kwenye mikono ya maharusi hatuchori nyuso. Tunachojifunza kwake ni kutazama. Sahani ina habari zake kabla mchoraji hajaigusa, na kazi yake ni kuikalia mpaka aijue habari hiyo.

Basi tuseme jinsi kitu cha jikoni kinavyofika mkononi, maana wengi wanadhani mchoraji anafumba macho ua linashuka. Haliji hivyo. Mchoraji wetu anakichora kitu mara nyingi kwenye daftari. Mara ya kwanza anachora kila kilichopo, mpaka ufa na kutu. Kisha anakifunika kwa kanga na kukichora bila kukiona. Kile anachokikumbuka ndicho kilichokuwa na nguvu, na kile alichokisahau anakiacha. Anarudia tena na tena, kila mara anapunguza. Kawa linabaki kuwa mzunguko mmoja. Dema linabaki kuwa tundu moja la pembe sita linalojirudia. Ukurasa wa mwisho huwa na mistari michache sana, na mtu asiyejua anaweza kusema kazi imepungua. Imechujwa, kama tui linavyochujwa kwenye kifumbu.

Baada ya hapo anapima. Hapa sisi wa cherehani tunaelewana naye vizuri. Hakuna fundi anayekata kitambaa kwa vipimo vya mtu mwengine. Atapima bega, kifua, kiuno, ndipo mkasi. Mkono nao una vipimo vyake, upana wa kiganja, urefu wa kidole cha kati, umbali kutoka kifundo mpaka kiko, kovu la moto lilipo, mahali pete itakapokaa. Ua la mkono mrefu likiletwa kwenye mkono mfupi ni sawa na gauni la shoga yako. Linaingia, lakini kila mtu anaona si lako.

Kwa mpangilio tunafuata kanga, na hili tunalipenda sana. Kanga ina pindo, ina mji, ina jina. Kifundo cha mkono tunakifanya pindo, kinazungushiwa ua linalojirudia. Kiganja au mgongo wa mkono ndio mji, hapo panakaa ua kubwa, na pembeni yake tunaacha nafasi tupu ili lipumue. Jina ni alama ndogo mahali pa siri, pengine ubavuni mwa kidole, ambayo maana yake anaijua biharusi na yule atakayemwambia. Hatuandiki majina ya Mwenyezi Mungu wala aya, kwa sababu mkono huo unaingia chooni.

Kitu chengine kinachotusaidia ni hina yenyewe. Siku hizi wengi wanataka weusi wa haraka, na unga wa kutia nywele rangi unachanganywa ukaitwa piko au hina nyeusi. Dawa iliyomo ndani yake inaweza kuunguza ngozi na kutoa malengelenge, na kuna watu ambao mwili wao hauivumilii tena maisha yao yote. Tumeacha kuitumia. Tunatumia majani ya mhina yaliyosagwa, tunachekecha kwa kitambaa chepesi, tunakanda kwa maji ya ndimu na sukari kidogo, tunafunika mpaka rangi itoke. Ukiibandua hina hiyo unaona rangi ya machungwa na moyo unashtuka. Subiri. Baada ya siku moja au mbili inaiva, inakuwa nyekundu ya damu ya mzee, na kiganjani inakolea zaidi kwa sababu ngozi yake ni nene. Hina nyekundu haipendi mistari ya unywele. Inataka umbo la wazi na nene kidogo. Na vitu vya nyumbani ndivyo vilivyo, vimetengenezwa kwa mkono na kwa kazi, havina urembo wa kupotea. Kwa hiyo kutazama vyombo vyetu kumetusaidia hata kuilinda ngozi ya biharusi.

Tunajua yanayosemwa dhidi yetu, na mengine yana haki.

La kwanza, kwamba siku ni ya biharusi na achague apendacho. Kweli. Hatumlazimishi mtu. Akisisitiza picha yake tunakaa naye, tunaikagua jani kwa jani, tunaipima kwa mkono wake, na tunamwomba mahali pamoja tu, kifundo au kidole kimoja, patoke kwao. Mpaka leo hakuna aliyejuta kutupa kidole hicho.

La pili, kwamba tunadharau vya wageni. La, dada zetu. Kisiwa hiki kingedharau vya wageni kisingekuwa na kitu. Lile umbo la korosho kwenye kanga zetu limevuka bahari kutoka Bara Hindi. Milango ya Mji Mkongwe ina mikono ya mafundi wa Kihindi na wa Kiarabu na wa Kiswahili, ina minyororo na mawimbi na mayungiyungi. Lakini mafundi wale walikitazama kitu mpaka kikawa chao, wakakipa mti wa hapa na ukubwa wa nyumba ya hapa. Kuazima kwa kutazama ni jambo jema. Tunachokikataa ni kuazima kwa kufumba macho, kama tulivyomwazima yule tausi.

La tatu ni la wachoraji wenzetu, na hili tunalisikia uchungu kwa sababu ni la riziki. Wanasema, "Nyinyi mna nafasi ya kwenda majumbani na madaftari. Mimi nina maharusi wanne siku moja na kodi ya chumba." Tunakuelewa, shoga. Lakini fikiri mbele kidogo. Mchoraji anayenakili picha ya simu anashindana na kila mwenye koni na simu, na anayeshusha bei ndiye atakayepata. Wasichana wanaojifunza kwako watakuwa na mkono mwepesi na macho mazito, watajua kufuata mstari lakini hawatajua kuuanza. Ua ulilolitoa kwenye chetezo cha nyumba fulani halipatikani kwa mtu mwengine, na familia ile italikumbuka mpaka harusi ya mdogo wake. Huna nafasi ya kwenda nyumbani? Mwambie biharusi akuletee kitu kimoja ndani ya mkoba. Upawa unaingia. Kipepeo kinaingia. Kofia ya babu inaingia.

Na kuna upande wa dini ambao hatutaki kuupita. Hina ni pambo lililokuwepo kwa wanawake wa Kiislamu tangu enzi za Mtume wetu, swalla Allahu alayhi wa sallam. Ni pambo jepesi, rangi yake haizuii maji ya udhu ukishaibandua na kuosha vizuri, wala halihitaji mali nyingi. Sisi ndio tuliolifanya zito, kwa mashindano ya nani kajaza zaidi na nani kapigwa picha zaidi. Biharusi aliyebeba mzunguko wa kawa la bibi yake hana wa kushindana naye. Halafu dini yetu inatuhimiza tuzingatie neema tulizonazo, na hatuwezi kuzingatia tusichokitazama. Kukaa nusu saa na kibao cha mbuzi ukahesabu meno yake, na ukakumbuka kila asubuhi kilipokushibisha, na hiyo ni shukrani.

Kwa hiyo, wewe unayeolewa karibuni, tunakuomba jambo moja kabla hujaja kwetu au kwa mchoraji mwengine yeyote. Usiku mmoja, simu ikiwa inachajiwa chumba chengine, kaa jikoni kwenu. Tazama kilichotundikwa ukutani na kilichoegemezwa mlangoni. Shika kile ambacho mama yako anakishika kila siku, ugeuze, utazame nyuma yake na chini yake, mahali palipolika na mahali palipotengenezwa. Muulize kilitoka wapi. Pengine atasema kibovu, usikitazame. Wewe kitazame, kisha utuletee.

Mwenyezi Mungu awabariki maharusi wetu wote, awajaalie mapenzi na huruma katika nyumba zao. Amin.